Bastola Tatu za Kitambaa

Mume wangu alikuwa na picha tatu kwenye simu yake, na baridi yote ile hapa Guangzhou nilizijua picha hizo kuliko nilivyozijua nguo nilizokuwa nikinunua. Zote tatu zilikuwa za bastola. Si hizi za polisi zinazojazwa risasi kwenye mpini. Ni zile za silinda inayozunguka, risasi sita, mtutu mnene. Alikuwa akichagua moja ya kulengea shabaha katika klabu yake ya Nairobi. Nikiwa naosha vyombo utasikia ananiita, "Mama, hebu kuja uone hii," nami naenda na mapovu yangu mikononi, kwa sababu tangu augue hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee yenye furaha niliyoisikia ikimtoka.

Niseme mapema kwamba sikuwahi kuzipenda bastola. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu mwanamume akiwa na Jumapili yake tupu huenda kucheza bao au kutazama mpira, akarudi kula. Huyu wangu, mzaliwa wa Pumwani, kila tulipokwenda Kenya alikimbilia klabuni na kibastola chake cha kipenyo kidogo. Alisimama wima, mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia umenyooka, akatoboa karatasi mchana kutwa. Wenzake wote walishika kwa mikono miwili. Yeye alisema mikono miwili ni ya kubebea ndoo. Alirudi shati linanuka baruti na uso umemkunjuka, nami namwambia kaniolea mke mwenza wa chuma. Akinijibu, husema mke mwenza huyo ana heri, haulizi mtu katoka wapi.

Kwa miaka mingi alitaka kukiacha kile kidogo na kununua kikubwa, cha risasi nene, kinachotikisa bega na kusikika mpaka barabarani. Kila mwaka kulikuwa na sababu ya kungoja mwaka ujao.

Ugonjwa ulimkuta kazini. Kazi yetu ilikuwa ya pamoja: mimi nanunua nguo za watoto Zhanqian Road na vitambaa Zhongda, yeye anapokea mizigo kwenye ghala letu karibu na Guangyuan Xilu, anafunga robota, anapakia kontena. Siku hiyo alikuwa akiandika alama ya mteja juu ya robota, kalamu ikamwanguka. Akainama kuiokota, mkono ukakataa. Wachukuzi wanasema alikuwa bado anaucheka mkono wake mwenyewe pale mdomo ulipompinda.

Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi, kwa kuchechemea. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Aliweza kushika kikombe, lakini akiuinua kufika kifuani ulianza kutetemeka, na akiendelea ulishuka wenyewe kama mkono wa mtu aliyelala. Daktari alituambia, kupitia kwa binti aliyekuwa akitufasiria, kwamba kilichokuwa cha kurudi kimesharudi. Binti yule aliyasema maneno hayo mara mbili. Nadhani aliona tunamtazama tu, akafikiri hatukusikia.

Mimi nilitaka twende nyumbani. Nilitaka akae barazani kwa watu wake, apate jua, asikie lugha yake ikisemwa na watu zaidi ya mmoja. Hapa alikuwa anashinda ndani ghorofa ya kumi na saba, anatazama majengo mengine. Nilimwomba, nikambembeleza, nikanuna. Akakataa kabisa.

"Sirudi Nairobi nikasalimie watu kwa mkono wa kushoto," alisema.

Ndipo zilipokuja zile picha. Rafiki yake wa klabuni, mwalimu mstaafu, alikuwa amesikia kwamba kuna watu watatu wanaouza bastola kubwa. Akazipiga picha, akamtumia na ujumbe: chagua moja, nitakuombea wakuwekee mpaka uje na vibali vyako. Mume wangu alizitazama jioni nzima. Asubuhi yake akaniambia, bila mimi kumwuliza lolote, "Nikiweza kuinua moja kati ya hizi, nikaishika sawasawa, siku hiyo hiyo unakata tiketi. Mbili."

Basi kuanzia siku hiyo mke mwenza akawa rafiki yangu.

Alinifundisha kuzitofautisha. Ya kwanza ilikuwa ya kipenyo ambacho wenyewe hukiita mia tatu hamsini na saba, mtutu mfupi wa inchi nne, nyepesi kuliko wenzake. Ya pili ilikuwa arobaini na nne, mtutu wa inchi sita. Ya tatu nayo arobaini na nne, lakini mtutu wake ulikuwa inchi nane na mwili wake mnene, kilo moja na nusu kasoro kidogo. Hiyo aliitazama kwa jicho ambalo mimi nililipata mara ya mwisho siku ya harusi.

"Hii sasa ni ya kuoa," alisema.

"Muoe akupikie," nikamwambia.

Aliniambia kuhusu mpini wa mbao na mpini wa mpira, upi unaumiza kiganja. Aliniambia unaweza kuvuta kifyatulio moja kwa moja, kwa nguvu, au ukavuta kwanza nyundo ya nyuma kwa kidole gumba, kisha kifyatulio kikawa laini kama swichi ya taa. Nilikuwa sielewi hata nusu, ila nilielewa kwamba mtu anayejadili mpini anafikiria mkono wake kesho, na mimi hilo lilinitosha. Nilianza kupanda lifti nikiimba. Lifti ikiharibika nilipanda ngazi nikikimbia, mwanamke mzima mwenye goti bovu.

Sasa, sisi tunaofanya biashara hapa tuna ugonjwa wetu. Hatuchagui kitu kwa picha. Picha ni ya kumtumia mteja wa nyumbani apate hamu. Sisi wenyewe tunataka sampuli: tuishike, tuivute, tuinuse, tuikwaruze kwa ukucha. Na kwa kuwa hapa ukionyesha picha ya kitu chochote kuna fundi mahali fulani atakayekutengenezea mfano wake kabla wiki haijaisha, tumezoea kuona hakuna kisichowezekana. Nimewahi kutengenezewa vifungo, vyuma vya mikanda, hata kitasa cha mlango wa mama mmoja wa Malindi aliyepoteza kimoja. Kwa hiyo wala sikufikiri. Nilizihamishia zile picha kwenye simu yangu nikaenda nazo karakana moja nyuma ya soko la Zhongda, kwa mtu anayeyeyusha zinki na kuimimina kwenye kalibu. Nilimjua kwa miaka. Alikuwa akinipa maji ya moto na kiti kabla sijasema shida yangu.

"Laoban," nikamwambia, kwani hapa kila mwenye duka ni laoban, bosi, "nataka sampuli tatu. Zinki tupu. Zisiwe na tundu, zisichezeke, zisifyatue kitu. Nataka uzito tu uwe sawa."

Nikamwonyesha picha ya kwanza.

Alisimama. Akaenda mlangoni akashusha shata nusu. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na alikuwa amekutanisha vifundo vya mikono yake mbele yangu, namna mtu anavyofungwa pingu. "Bu xing! Bu xing!" Haiwezekani, haiwezekani. Akaandika kwenye simu yake, simu ikanisomea kwa sauti ya mwanamke aliyetulia kwamba katika nchi hii hata bastola ya mtoto ya kuchezea, ikizidi kufanana na ya kweli, humpeleka mtu jela, yeye aliyeitengeneza na yeye aliyeiagiza. Alinisimamia mpaka nikafuta picha zote tatu. Kisha akanipa furushi la vyuma vya mikanda nilivyokuwa nimeagiza kabla, akanitoa kwa mlango wa nyuma, na mpaka leo hajanijibu ujumbe hata mmoja.

Nimekataliwa sana mjini hapa. Nimeambiwa "mei you", hakuna, na watu waliokalia kile kile ninachokitaka. Lakini sikuwahi kuona mtu akiniogopa. Nilikwenda mpaka kituo cha treni nikijitukana njia nzima. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nijifungishe, na mgonjwa wangu ghorofa ya kumi na saba asiwe na wa kumvalisha.

Nilipomsimulia, alicheka mpaka akapaliwa. Machozi yalimtoka.

"Wewe mwanamke, ungenitia noma," alisema. "Umeenda kwa Mchina kuagiza bunduki kama unaagiza zipu!"

"Nimeagiza uzito," nikasema. "Uzito si bunduki."

Na hapo hapo nikapata wazo. Kama ni uzito, uzito nitaushona mwenyewe.

Nilikata vipande vya vitambaa nilivyokuwa navyo nikashona mifuko mitatu myembamba, mirefu, minene upande wa nyuma. Nikaijaza vichwa vya zipu na vile vyuma vya mikanda, nikipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia masanduku kabla ya uwanja wa ndege, mpaka kila mfuko ukawa na uzito wa bastola yake. Mipini niliikata kwenye miavuli mibovu, ile ya mbao iliyopinda, kwani katika mji wa mvua kama huu miavuli mibovu haikosekani. Ya mia tatu hamsini na saba niliishonea kaki. Ya inchi sita, kitambaa cha jinzi. Ile ya kuoa niliishonea mahameli nyekundu. Kwa sura zilikuwa kama miguu mitatu ya mbuzi, na hakuna askari duniani ambaye angemkamata mtu kwa ajili yake. Mume wangu aliipanga mifuko hiyo mezani akaitazama kwa muda mrefu.

"Sampuli ni safi," alisema, kwa sauti ya mnunuzi.

Tukawa tunafanya mazoezi kila asubuhi kabla sijaenda sokoni. Alisimama mbele ya ukuta wenye kalenda, mkono wa kushoto mfukoni kama zamani, miguu ameitenganisha. Alianza na ya kaki. Iliondoka mezani vizuri, ikapita tumbo, ikafika kifuani, hapo ikaanza kucheza, vichwa vya zipu vinalia ndani, ikashuka. Akasema hakulala vizuri. Kesho yake akasema ni baridi. Mimi nilichemsha supu ya mifupa, nilimkanda kwa mafuta ya habbasoda kuanzia begani mpaka kwenye kucha, nilinunua mpira wa kuminya, nilimsomea dua zote nilizofundishwa na mama yangu na nyingine nilizozitunga.

Kuna asubuhi moja ilitokea. Aliishika ile ya jinzi, ya pili kwa uzito, akainua, na mkono ukafika sawa na bega ukasimama. Nilisema Bismillahi yote mpaka mwisho na mkono ulikuwa bado uko juu. Hakusema kitu wala mimi sikusema, tuliogopa kuushtua. Nilishuka kwenye lifti nikilia mbele ya watu, na nikiwa kwenye treni nilifungua simu nikatazama ndege za Nairobi. Siku iliyofuata hakuweza hata ile ya kaki. Tulingoja asubuhi kama ile irudi. Haikurudi wiki hiyo, wala mwezi huo.

Kilichokuwa kikinimaliza zaidi hakikuwa pale mbele ya kalenda. Kilikuwa kwenye sala. Anaposalisha mimi huwa nyuma yake, na tukikaa kwenye tahiyatu naona mkono wake wa kulia juu ya goti. Kidole cha shahada kinapaswa kuinuka pale. Chake kilikuwa kinalala. Niliona mshipa wa shingo ukimtutumka kwa jinsi alivyokuwa akijaribu, mwanamume anapambana na kidole mbele ya Mungu wake, na kidole hakimjui. Na hicho ndicho kidole cha kifyatulio. Niliona hivyo kila alfajiri, halafu nikaenda sokoni nikajiambia kwamba mambo yanakwenda vizuri. Nilikuwa mwongo mkubwa, na niliyekuwa nikimdanganya ni mimi.

Mwishowe nilimtumia yule mwalimu ujumbe wa sauti, kwa siri. Nilikuwa katika ukumbi wa duka la jumla, Zhanqian Road, nimekaa juu ya robota langu, watu wanavuta utepe wa kufungia kila upande. Nilimwuliza, kati ya hizo tatu, ipi inamfaa mtu ambaye mkono wake umechoka. Nilitaka anitajie moja ili nimwambie mume wangu aziache nyingine.

Jibu lilichukua muda kuja. Nikaliweka sikioni.

"Shemeji," alisema, "nisamehe, hapo hakuna. Ile nyepesi ndiyo yenye teke kali, haina mwili wa kumeza kishindo. Mkono mgonjwa hautaizuia, itamrudia usoni. Ile nzito inameza teke, lakini lazima kwanza ainyanyue, na ukiniambia mkono umechoka basi haitanyanyuka. Ukipunguza uzito unaongeza teke, ukipunguza teke unaongeza uzito. Hakuna mlango wa tatu. Mimi nilimtumia zile picha kumchangamsha tu, nilijua yeye mwenyewe anaelewa. Hayo yote ninayokuambia ni yeye aliyenifundisha."

Nililisikiliza mara ya pili. Niliacha mzigo wangu kwa mchukuzi bila kumpa maelekezo, nikarudi nyumbani mchana mchana, jambo nisilolifanya.

Alikuwa mezani na mifuko yake mitatu. Nikamwuliza nikiwa bado mlangoni, viatu miguuni.

"Ulikuwa unajua kwamba hakuna hata moja?"

Hakuuliza nasema nini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile picha ya kwanza."

"Na mimi nikaenda kujitia mdomoni mwa polisi? Nikashona? Nikakukanda mafuta kila siku ya Mungu?"

"Ulikuwa unapanda ngazi ukikimbia," alisema. "Nilikuwa nakusikia kutoka humu ndani. Sikujua nitakuambia vipi."

Hapo nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na mimi si mtu mpole, waulizeni wa kwetu. Niliona kwamba sharti lile aliliweka akijua halitimiziki, na kwamba miezi yote ile tulikuwa hatuchagui kitu cha kurudia nyumbani, tulikuwa tunachagua kisingizio cha kubaki. Nikainyakua ile ya mahameli nikamwelekezea, namna mwanamke anavyogombeza mtu na mwiko mkononi, nikamwambia yote. Nikamwambia ni mbinafsi. Nikamwambia amenifanya mjinga. Nikamwambia watu wa Nairobi wana kazi zao, hakuna aliyekaa kungoja kuona atamsalimu kwa mkono gani. Nikamwambia nimechoka, neno nililokuwa nimelimeza mwaka mzima, nikalisema mara nyingi.

Alikuwa hanitazami usoni. Nikaona kwamba hanisikilizi, hasira ikazidi.

"Nakuambia wewe!"

"Angalia mkono wako," alisema.

Nikauangalia. Ulikuwa umenyooka mbele yangu, sawa na bega, na ile bastola kubwa ya mahameli ilikuwa imetulia mwisho wake, ile ya kilo moja na nusu kasoro kidogo. Hakuna kichwa cha zipu kilicholia. Nilikuwa nimeishika hivyo tangu nianze kusema, na sikuwa nimeuhisi uzito. Ni mkono uliovuta robota kwa miaka katika mji huu. Niliushusha haraka nikauficha nyuma, kama vile amenikuta uchi. Hata hivyo alikuwa ameshaona.

Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Kata tiketi."

Baridi yote ile nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo. Nilikuwa nimeyaota nikiwa macho, kwenye treni, kwenye foleni za ghala, nikijua nitakavyoyajibu.

"Mbili," nikasema.

"Moja. Wewe bado una mikono. Kazi iko huku."

Nilikataa. Nililia, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha kwa kila neno nililokuwa nimelisema. Alinishika kichwa kwa mkono wa kushoto akaniambia maneno yangu yote yalikuwa kweli, na kwamba hataki kukaa mahali ambapo mtu anamkimbilia ngazi bure. Nilijaribu tena siku ya pili na ya tatu. Alinisikiliza kwa adabu kama mgeni. Mteja mmoja alikuwa anangoja kontena lake, na mtu wa kulipakia nilikuwa mimi.

Nikakata moja.

Sasa yuko kwa dada yake Pumwani, nami niko hapa hapa. Tunaongea kila Ijumaa baada ya sala yake, saa ambayo kwangu ni jioni. Ananiambia jua lipo, chakula kizuri, dada yake anamvalisha vizuri kuliko nilivyomvalisha mimi. Kuhusu bastola hasemi kitu. Ijumaa iliyopita nilimwuliza kama yule mwalimu amefika kumwona.

"Alikuja," alisema.

"Mkaongea?"

"Nilimwambia dada amwambie nimelala."

Nikamwambia nina mzigo mlangoni, ingawa mlangoni hapakuwa na kitu, nikakata simu.